Jembe la Siku ya Tatu: Maneno Tuliyopatia Mashamba

Methali ya "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe" niliifundisha kwa miaka 33 katika shule za sekondari, na karibu kila darasa lilinipa maana ile ile: kwamba akaaye kwa watu asile bure. Ndiyo maana iliyozoeleka darasani, na ndiyo aliyoikusudia Mwalimu Nyerere mwaka 1962 alipoitumia katika kijitabu chake cha Ujamaa, akitaka kuonyesha kwamba katika jamii zetu za asili mvivu hakuwa na mahali pa kujificha. Sina ugomvi na maana hiyo. Ila katika miaka yote hiyo hakutokea mwanafunzi aliyeniuliza swali ambalo mtoto wa mkulima angestahili kuliuliza kwanza: huyo mgeni, akishapewa jembe, aende akalime wapi?

Jembe halilimi hewani. Ampaye mgeni jembe ama anamchukua katika shamba lake mwenyewe akamsaidie, ama anamwonyesha pori na kumwambia, "Anzia hapa." Mara nyingi mgeni alianza kwa la kwanza, na baada ya msimu mmoja au miwili, kama watu wamemwona ana adabu na mkono wake si mzito, akaishia kwa la pili. Kwa hiyo methali hii naisoma pia kuwa ni kanuni fupi ya ardhi. Mgeni huingia kwanza katika watu, kisha katika udongo. Katika muda wa miaka mia moja na ushei mpangilio huo umepinduliwa, na Kiswahili kimeweka kumbukumbu ya mapinduzi hayo neno kwa neno, hata pale ambapo sisi wasemaji wake hatukuangalia.

Jambo hili lilikoma kuwa somo la ubaoni nilipostaafu. Kama wastaafu wengi, nilipopata kiinua mgongo nilitafuta shamba, nikalipata la ekari tatu katika kijiji kimoja cha wilaya ya Muheza, mkoani Tanga. Habari ya shamba hilo nitaifikia. Tuanze na maneno.

Ugwe ni uzi au kamba, na wingi wake ni ngwe. Ngwe vilevile ni kipande cha shamba anachopimiwa mtu ili alime. Mshairi hahitaji kuelezwa zaidi: kamba iliyopimia imekuwa ardhi iliyopimwa. Sasa tazama vitenzi vinavyoandamana na neno hilo. Mtu hukatiwa ngwe, hupimiwa ngwe, huonyeshwa ngwe, hugawiwa, hupewa. Vyote viko katika kauli ya kutendewa, na palipo na kutendewa pana mtendaji, hata asipotajwa. Sentensi yenyewe haikubali kusimama bila mtu wa pili. Kitenzi kununua hakina haja hiyo. "Nimenunua shamba" ni sentensi iliyotimia. Ina mimi, ina shamba, na aliyekuwa na shamba hilo jana ametoweka ndani ya fedha. Sisemi kwamba kununua ni dhambi, maana nami nimenunua. Nasema sarufi ya ardhi ilibadilika, na sarufi haibadiliki bure.

Neno mwenyeji nalo lina mengi. Ni mwenye mji. Tunalitumia kwa mambo mawili ambayo lugha nyingine huyatenga: aliye mzaliwa wa mahali, na anayempokea mgeni. Kwa Mswahili hayo ni jambo moja, kwa sababu mwenye mji ndiye mwenye uwezo wa kukaribisha. Na mji wenyewe, kabla haujawa wa lami na taa, ulikuwa ni makazi ya watu, hata nyumba tano tu; ndipo tukapata kijiji, yaani mji mdogo. Mgeni njoo, mwenyeji apone, twasema. Ajaye ana kitu anachokileta.

Wapenzi wa nathari ya kale watakumbuka jinsi jambo hili linavyosimuliwa katika Habari za Wakilindi, tarikhi aliyoiandika Abdallah bin Hemedi na kuchapishwa Magila, humo humo Muheza, mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20. Mbegha alitoka Nguu akiwa mtu aliyenyimwa urithi na ndugu zake kwa kuwa alikuwa kigego. Meno yake ya juu ndiyo yaliyotangulia kuota. Hakuja Usambara na dhahabu wala barua ya sultani. Alikuja na mbwa na mikuki, akaua nguruwe waliokuwa wakiharibu mazao, akawagawia watu nyama, nao wakampa vyakula vya mashambani. Baadaye wakamletea mashauri yao ayaamue, na mwisho wakamfanya mkubwa wao. Mwanahistoria atasema, kwa haki, kwamba hadithi hiyo inapamba utawala wa ukoo wa Wakilindi. Hata hivyo hadithi hupambwa kwa kitu ambacho wasikilizaji wanakiona kizuri, na walichokiona kizuri ni hicho: mgeni alipata nchi kwa kugawa nyama, na hakuna mahali katika masimulizi yale panaposemwa kwamba aliinunua.

Pwani kulikuwa na biashara ya mashamba tangu zamani, hilo lisifichwe. Sheria ya Kiislamu ilijua kuuza, kurithi, na kuweka wakfu. Lakini hata huko mara nyingi kilichouzwa kilikuwa miti. Mtu aliweza kuwa na minazi 20 katika ardhi ambayo si yake, akaiangua, akairithisha, akaiweka rehani, na udongo uliokuwa chini yake ukabaki wa ukoo mwingine. Mwuzaji wa shamba langu alinionyesha hati ya marehemu baba yake, karatasi moja ya daftari iliyokunjwa hata ikakatika katikati. Imeandikwa kwamba fulani bin fulani amemuuzia fulani "minazi tisa na michungwa ishirini na miwili," mbele ya mashahidi wanne. Ekari hazikutajwa. Ardhi yenyewe haikutajwa. Aliyeiandika hakuwa amesahau. Kwa maoni yake, alikuwa ameandika kila kilichouzwa.

Basi mtu wa namna hiyo alipokutana na serikali ya Kijerumani, walikutana watu wawili wasiosikilizana hata kidogo. Tangazo la Kaisari la tarehe 26 Novemba 1895 lilisema kwamba ardhi yote katika koloni ambayo haina mwenyewe ni mali ya serikali, na mwenye kudai ni yake athibitishe. Athibitishe kwa nini? Kwa mfenesi uliopandwa na babu? Kwa kaburi? Miaka miwili kabla ya tangazo hilo, mwaka 1893, Richard Hindorf alikuwa ameleta miche ya mkonge kutoka Marekani, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Inasemwa kwamba miche 62 tu ndiyo iliyofika ikiwa hai. Mwaka 1896 reli ya kutoka Tanga ikafika Muheza. Kutoka hapo kamba ya kupimia ngwe ilipata kazi nyingine. Mashamba makubwa yalipimwa kwa maelfu ya hekta, na katani ikasafirishwa ng'ambo ikafungie mizigo ya watu wengine.

Mkonge ulihitaji mikono, na wenyeji waliokuwa na vyakula vyao mashambani hawakuwa na haraka ya kuajiriwa. Ndipo wakaletwa manamba. Neno hili, wasomaji wangu, linastahili kukaa nalo kidogo. Mtu alisafirishwa kutoka Unyamwezi, Uha, Ubena, Urundi au ng'ambo ya Ruvuma, akapewa namba, na namba hiyo ikawa ndiyo kabila lake jipya. Mkononi alipewa kipande, kadi ya kuhesabia siku 30 za kazi. Kipande! Neno lile lile tunalosema "kipande cha ardhi." Aliyekuwa na kipande cha kadi alikuwa hana kipande cha udongo, na alipotimiza siku zake alipewa ujira akaambiwa arudi alikotoka.

Wengi hawakurudi. Ndio wazazi na mababu wa nusu ya kijiji ninachokaa sasa. Walipotoka kambini walikwenda kwa Wabondei wakaomba mahali, nao wakapewa, mmoja mmoja, kwa njia ile ya zamani: leo msaidie mzee huyu kupalilia, kesho mkawe mashahidi katika harusi, keshokutwa ukatiwe ngwe kule bondeni. Hakuna kumbukumbu ya serikali inayoonyesha uhamaji huo mdogo mdogo, lakini majina ya watoto wa shule ya msingi ya kijiji yanauonyesha vizuri. Utani nao uliwasaidia. Mnyamwezi aliyekuta mtani wake amekwisha kutangulia alikuwa na mahali pa kuanzia. Angalau kulikuwa na mtu wa kumtukana kwa upendo msibani.

Waingereza walipokuja walibadili maneno, na hali ikabaki karibu ile ile. Sheria ya Ardhi ya 1923 iliifanya ardhi yote kuwa ya umma chini ya Gavana, na marekebisho ya 1928 yakatambua kwamba mwenyeji anayekaa kwa mila yake ahesabiwe kuwa ana haki ya kukaa. "Ahesabiwe kuwa": angalia udhaifu wa kitenzi hicho. Haki ya mgeni mwenye hati ilikuwa haki. Haki ya mwenyeji ilikuwa ya kuhesabiwa. Mwaka 1951 familia za Wameru wa Ngarenanyuki ziliona maana ya tofauti hiyo zilipoondolewa ili kupisha ufugaji wa walowezi. Kirilo Japheth alifika Umoja wa Mataifa mwaka 1952 kuwasemea. Hawakurudishiwa ardhi yao wakati huo, ila nchi nzima ilisikia. Mwaka huo huo wa 1951 ndio Shaaban Robert, mtoto wa Tanga, alipotoa Kusadikika, kitabu cha nchi iliyoning'inia hewani. Sidai kwamba aliwafikiria Wameru. Nasema tu kwamba msomaji wa wakati ule aliyekuwa na shamba bila hati alikuwa na sababu ya kuielewa nchi isiyogusa ardhi.

Nimelitaja neno mlowezi. Kulowea ni kitenzi kizuri; ni kuhamia mahali ukapazoea, ukapafanya kwako. Sikio la mshairi husikia ndani yake kulowa, kama udongo wa masika. Kwa jinsi lilivyo, mlowezi lingeweza kuwa jina la manamba aliyekatiwa ngwe na kuzeekea Muheza. Historia ikalikabidhi kwa wale waliokuja na hati kabla ya salamu, na tangu hapo hatuwezi kulitamka bila uchungu. Tuna wageni wema wengi waliolowea, lakini hatuthubutu kuwaita walowezi. Kwa wenzetu wa pwani ya Kenya mambo yalikwenda vibaya zaidi: sheria ya hatimiliki ya 1908 iliwataka wenye madai ya ardhi katika ukanda wa Mwambao wajitokeze kuyathibitisha, na Wamijikenda wengi walijikuta ni maskwota juu ya makaburi ya wazee wao, wakilipa ijara kwa wenye karatasi.

Nyerere aliliona jambo hili mapema. Katika maandiko yake ya 1958 aliyoyaita Mali ya Taifa alipinga pendekezo la wakoloni la kuanzisha umilikaji huru wa ardhi unaouzika. Hoja yake ilikuwa kwamba mtu akifyeka na kulima, kilicho chake ni kile alichokiongeza kwa jasho, lakini ardhi hakuiumba yeye. Nikisoma hoja hiyo nakumbuka ile hati ya minazi tisa na michungwa ishirini na miwili. Mwandishi wa kijijini na mwanafalsafa walikuwa wanasema kitu kimoja. Mwaka 1963 umilikaji huru uliokuwapo uligeuzwa kuwa upangaji wa miaka 99, na kwa upande wa Visiwani, baada ya Mapinduzi ya 1964, familia nyingi ziligawiwa eka tatu tatu. Eka tatu limekuwa neno zima huko. Mtu husema "nakwenda eka tatu" bila kuhesabu.

Lakini serikali iliyoelewa vizuri kwamba ardhi hainunuliwi haikuelewa vizuri vilevile kwamba haihamwi kwa amri. Novemba 1973 ilitangazwa kwamba kufikia mwisho wa 1976 kila mtu wa vijijini awe anaishi katika kijiji. Mimi nilikuwa darasa la sita huko Handeni tulipohamishwa. Sitaki kuwa mkali kuliko ukweli: tulipata shule karibu, tulipata bomba, na watu waliokuwa wametawanyika walijuana. Lakini nakumbuka bibi yangu alivyokuwa akirudi kila Ijumaa kuokota maembe katika mahame yetu. Hame, wingi mahame, ni mahali palipohamwa. Neno jingine ni ganjo. Lugha yenye maneno mawili kwa kijiji kilichoachwa ni lugha ya watu waliohama mara nyingi. Mwembe uliosimama peke yake katikati ya pori ulikuwa ndiyo hati ya bibi. Ukipita barabara ya Handeni hadi Mziha utaiona miembe hiyo mpaka leo, na hakuna iliyojipanda yenyewe kwa mstari.

Miaka ya 1980 watu wengi walianza kudai mashamba yao ya zamani mahakamani, na mwaka 1992 Bunge likapitisha sheria ya kuzifuta haki hizo za kimila katika vijiji vilivyoanzishwa. Mkulima Lohay Akonaay na mwanawe, wa mkoa wa Arusha, waliipinga. Mwaka 1994 Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, iliamua kwamba haki ya kimila juu ya ardhi ni mali inayolindwa na Katiba, haiwezi kufutwa bila fidia. Laiti hukumu hiyo ingefundishwa katika somo la historia kama tunavyofundisha vita vya Majimaji. Baada ya miaka 99 tangu tangazo la Kaisari, "kuhesabiwa" kulikuwa kumekoma. Mwenyeji alikuwa na kitu chake.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 5 ya 1999, ilitungwa baada ya hapo na kuanza kutumika mwaka 2001. Nimeisoma yote, kwa kuwa mstaafu ana muda. Inaiweka ardhi ya kijiji mikononi mwa Halmashauri ya Kijiji, chini ya macho ya Mkutano Mkuu wa wanakijiji wote watu wazima. Inaunda Baraza la Ardhi la Kijiji lenye watu saba, wanawake wasipungue watatu. Inatoa hati ya hakimiliki ya kimila. Na kwa mtu wa nje anayeomba ardhi, inamtaka aahidi kuja kufanya makazi au shughuli zake kijijini. Nilipofika hapo niliweka miwani chini. Lile ni jembe la siku ya tatu, limeandikwa kwa lugha ya wanasheria.

Nami nilipitia humo. Halmashauri ya Kijiji iliketi, kisha jina langu likapelekwa mbele ya Mkutano Mkuu chini ya mkungu ulio mbele ya ofisi. Mke wa mwuzaji aliitwa akaulizwa kama ameridhia, naye akasema ameridhia, ila kaburi la mama mkwe lililo pembeni mwa shamba haliuzwi. Likaandikwa. Mwenyekiti aliuliza kama kuna mwenye neno. Akasimama bibi mmoja, akajitanda kanga vizuri, akasema, "Shikamoo sikupi, Mwalimu, maana nakupita umri. Nina swali moja tu. Ukifa utazikwa wapi?"

Watu walicheka, kisha wakanyamaza kungoja jibu. Nikasema kwamba kwetu ni Handeni, na ndugu zangu wangependa nirudishwe. Bibi akasema, "Basi hati na ingoje, ukaulizane nao. Hatumkatai mtu, lakini tumekwisha kuona mashamba ya watu wanaokuja Jumamosi na kuondoka Jumapili. Mti ukianguka barabarani hatujui tumpigie nani." Na hati ilingoja kweli, wiki tano. Nilikwenda kwetu, tukaketi na kaka zangu na wanangu. Haikuwa rahisi, mwanangu wa kwanza aliona kwamba nimepangiwa kaburi na watu nisiowajua. Tulipatana kwamba nizikwe nitakakokuwa nikiishi. Nilirudi na jibu hilo, na yule bibi ndiye aliyekuwa wa kwanza kuweka dole gumba kama shahidi.

Ni nini alichokuwa akiuliza? Alikuwa akiuliza kama nitakuwa mwanakijiji au mwenye mali tu. Mwenye kaburi haondoki kirahisi, na watoto wake hawaondoki kirahisi. Katika mashamba ya Tanga kaburi lina nguvu kuliko alama ya zege ya mpima ardhi.

Maisha ya kijijini huimbwa sana na watu wasioishi huko, nami sitaki kuongeza wimbo. Umeme hukatika. Nyani hula mahindi. Michungwa ikizaa kwa pamoja bei inaanguka, na walanguzi wa machungwa wana mahesabu ambayo hata mwalimu hayawezi. Lakini nimepata kitu ambacho katika miaka yangu ya nyumba za kupanga mjini sikukipata: najulikana nipo au sipo. Nisipoonekana barazani hadi saa tatu asubuhi, mtoto hutumwa. Kukiwa na msiba nalijua zamu yangu, kuni au maji, na jina langu linasomwa katika daftari la rambirambi kwa sauti, pamoja na kiasi nilichotoa, bila huruma. Barabara yetu ya kwenda bondeni huchongwa kwa mikono kila kabla ya masika. Wapare waliohamia hapa huita kazi hiyo msaragambo, wengine husema ujima, wazee wa zamani za TANU bado husema kujitegemea, na kijana wa bodaboda alinambia kwa neno moja, "Lazima." Vyote ni Kiswahili.

Linalonisumbua ni jingine. Wastaafu wa rika langu tuko wengi, na kila mwenye kiinua mgongo anatafuta ekari tatu. Neno hilo la kiinua mgongo lilibuniwa kumfaa mtu aliyeinama kazini miaka mingi. Katika kijiji chetu fedha zake huinua mgongo wa mnunuzi, na aliyeuza hubaki ameinama pale pale, shambani mwa mtu mwingine. Wauzaji wengi ni wazee wenye gharama za hospitali au ada za wajukuu. Wajukuu hao hao wakimaliza kidato cha nne wanarudi kijijini na kukuta ngwe ya babu ina uzio.

Mmoja wao alinijia mwaka juzi. Ni mjukuu wa aliyeniuzia, kijana wa miaka 20, mpole, mwenye mikono mikubwa. Hakudai chochote. Alisalimia, akakaa, akauliza kama nina mpango na lile eneo la chini, penye unyevu, ambako babu yake alikuwa akilima magimbi. Sikuwa na mpango nalo. Nilimwambia alime. Babu yake, ambaye bado yu hai na hupita kwangu kunywa kahawa, alifurahi sana, akasema, "Mwalimu amemkatia kijana ngwe." Alilisema kana kwamba ni mimi mwenyeji na mjukuu wake ndiye mgeni. Nilibaki nimeshika kikombe.

Mtendaji wa kijiji alipopata habari alinijia kwa nia njema. Alinishauri jambo hilo liandikwe, kwa sababu mimi nitakufa, wanangu watakuja, na kijana atakuwa amepanda migomba. Nilikubali, tukaketi ofisini watu wanne. Hapo ndipo ulipozuka mjadala ambao ningetamani wanafunzi wangu wa zamani wangeusikiliza. Mtendaji alitaka iandikwe "amemkodishia." Babu akakataa: kukodisha ni kwa fedha, na hapa hakuna fedha. Mimi nikapendekeza "amempa." Mtendaji akakataa: ukimpa imekuwa yake, na Halmashauri haijapitisha. Babu akataka "amemkatia ngwe." Mtendaji, kijana aliyesoma, alitabasamu akasema kwamba hilo haliko katika fomu yoyote anayoijua, na Baraza likija kuulizwa miaka kumi ijayo hakuna atakayejua ngwe ni nini. Walibishana kwa heshima karibu saa nzima, na kila mmoja alikuwa na haki.

Hatimaye iliandikwa "amemwazima." Kijana alitia saini, babu akaweka dole gumba, mhuri ukapigwa. Masika ilipoanza alipanda magimbi, na mwaka huu ameongeza migomba minane upande wa mto. Nikipita njiani na watu wakiniuliza la nani lile eneo zuri la chini, mtoto yeyote wa kijiji huwahi kujibu kabla yangu: ni la kijana wa Mzee fulani, amekatiwa ngwe na Mwalimu.